Udongo wenye nguzo: Ulibuniwa kwa ajili ya mafuta, sasa watazamwa kwa maji ya kunywa

KWA watu wanaoishi katika maeneo yenye udongo mweusi wa mbuga, tabia ya udongo huo haihitaji maelezo. Masika yanapoingia huvimba, hunata na kukwamisha magari. Kiangazi kinapofika hukauka, hunywea na kupasuka nyufa pana. Nyumba zilizojengwa juu yake bila msingi imara hupasuka kuta, na barabara zake hulazimika kutengenezwa mara kwa mara.

Tabia hiyo inayowaudhi wajenzi ndiyo iliyowavutia wanakemia katika nusu ya pili ya karne ya 20. Walijiuliza hivi: ikiwa ndani ya udongo huu mna matabaka yanayofunguka yanapopata maji, je, hakuna namna ya kuyawekea mihimili ili yasifunge tena maji yanapokauka?

Jibu la swali hilo ni aina ya udongo wa kutengenezwa maabara, ambao wataalamu huuita udongo wenye nguzo. Ulibuniwa kwa matumaini makubwa kwa ajili ya viwanda vya kusafisha mafuta, ukashindwa kazi hiyo, kisha ukapata kazi nyingine. Miongoni mwa kazi zinazochunguzwa ipo moja inayowagusa moja kwa moja wakazi wa Bonde la Ufa la Afrika Mashariki, nayo ni kuondoa madini ya floraidi katika maji ya kunywa.

Ili kuelewa udongo huo, ni lazima kwanza kutazama udongo wa asili ulivyojengwa. Chembe ya udongo mfinyanzi haifanani na chembe ya mchanga, ambayo ni kipande cha jiwe kilichosagika. Yenyewe imepangwa mithili ya kurasa za kitabu, na kila ukurasa una unene wa nanomita moja hivi. Nanomita ni sehemu moja ya milioni moja ya milimita.

Katika jamii ya udongo iitwayo smektaiti, kila ukurasa umeundwa kwa sehemu tatu zilizobanana. Juu na chini kuna utando wa silikoni na oksijeni, na katikati kuna utando wa alumini. Katika sehemu chache za utando huo wa katikati, alumini imeachia nafasi yake kwa magnesi, ambayo ina chaji chanya pungufu. Kwa sababu hiyo ukurasa mzima hubaki na chaji hasi.

Chaji hiyo haiwezi kubaki bila mwenzake. Hivyo, kati ya ukurasa mmoja na mwingine huingia ioni za sodiamu au kalsiamu zenye chaji chanya. Ioni hizo zinapenda maji, na mvua inaponyesha huyavuta ndani, kurasa zikaachana na udongo ukavimba. Vilevile ioni hizo hazikufungwa kwa nguvu, kwa hiyo zinaweza kung'olewa na nafasi yake kuchukuliwa na ioni nyingine. Mambo haya mawili, yaani kufunguka kwa kurasa na kubadilishana ioni, ndiyo msingi wa teknolojia nzima.

Si kila udongo mfinyanzi una sifa hizo. Udongo mweupe wa kaolini, kama ule unaopatikana katika vilima vya Pugu karibu na Dar es Salaam, una kurasa zilizoshikana kwa nguvu na zisizo na chaji ya kutosha. Kaolini ni nzuri kwa vyombo vya kauri na karatasi, lakini haivimbi, na haiwezi kuwekewa nguzo kwa njia hii ya kawaida.

Udongo unaotumiwa zaidi na watafiti ni bentonaiti, ambao kwa sehemu kubwa ni smektaiti iitwayo montimorilonaiti. Jina la madini hayo linatokana na mji wa Montmorillon nchini Ufaransa, na jina la bentonaiti lilitolewa mwaka 1898 kutokana na miamba ya Benton katika jimbo la Wyoming, Marekani. Mara nyingi bentonaiti hutokana na majivu ya volkano yaliyobadilika taratibu ndani ya maji kwa muda mrefu.

Udongo huu wa asili una kasoro moja. Ukichomwa hadi nyuzi joto 500 za Sentigredi, maji yote yaliyo kati ya kurasa huondoka, na kurasa hulaliana kama za kitabu kilichofungwa. Nafasi ya ndani hupotea, na gesi au molekuli nyingine haziwezi tena kupenya.

Hatua ya kwanza ya kuitatua kasoro hiyo ilichukuliwa nchini Uingereza. Mwaka 1955, Richard Barrer na mwenzake D. M. MacLeod walichapisha matokeo ya jaribio ambamo waliondoa ioni za sodiamu katika montimorilonaiti na kuingiza molekuli nene zenye asili ya amonia. Molekuli hizo zilibaki zimesimama kati ya kurasa hata baada ya udongo kukaushwa, na gesi mbalimbali ziliweza kuingia ndani.

Hata hivyo, nguzo za Barrer zilikuwa na kaboni, nazo ziliungua joto lilipopanda. Zilikuwa sawa na nguzo za miti katika nyumba inayowaka moto. Kwa kazi za viwandani, ambako joto ni la mamia ya nyuzi, hazikufaa. Uvumbuzi huo ulikaa kwa takriban miaka 20 bila kupata matumizi makubwa.

Kilichoufufua ni bei ya mafuta. Oktoba 1973, nchi za Kiarabu zinazozalisha mafuta zilisitisha kuyauza kwa Marekani na baadhi ya washirika wake kutokana na vita vya Mashariki ya Kati. Katika muda wa miezi michache bei ya pipa moja ilipanda kutoka karibu dola 3 za Marekani hadi karibu dola 12. Viwanda vikaanza kutafuta njia ya kukamua petroli hata kutoka katika mabaki mazito ya mafuta ghafi, ambayo awali hayakuthaminiwa sana.

Katika kiwanda cha kusafisha mafuta, molekuli ndefu na nzito hupasuliwa kuwa fupi na nyepesi kwa msaada wa kichocheo. Tangu miaka ya 1960, kichocheo kilichotumika zaidi kilikuwa zeolaiti, madini yenye vitundu vilivyopangika kwa usahihi mkubwa. Tatizo ni kwamba milango ya vitundu vya zeolaiti iliyotumika viwandani ina upana wa nanomita 0.74 tu. Molekuli nene za mabaki ya mafuta hazikuweza kupita.

Hapo ndipo wazo la nguzo liliporejea, safari hii kwa nguzo zisizoungua. Mwaka 1977, G. W. Brindley wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, pamoja na R. E. Sempels, walieleza jinsi ya kutumia viini vya alumini. Mwaka uliofuata, Lahav, Shani na Shabtai walichapisha kazi kama hiyo kuhusu montimorilonaiti. Mwaka 1979, wataalamu wa kampuni ya W. R. Grace ya Marekani, wakiwamo David Vaughan na Roger Lussier, walipata hataza ya udongo wa namna hiyo.

Utengenezaji wake huanza na kuusafisha udongo. Bentonaiti huchanganywa na maji mengi, mchanga na takataka nyingine zikaachwa zizame chini, kisha chembe laini zilizobaki zikielea huchukuliwa. Kwa kawaida udongo huo pia hutiwa chumvi ya sodiamu, ili ioni zilizomo kati ya kurasa ziwe za aina moja na rahisi kung'oka.

Hatua ya pili ni kutengeneza nguzo. Kloridi ya alumini huyeyushwa katika maji, kisha kostiki, ile itumikayo kutengenezea sabuni, huongezwa tone kwa tone huku mchanganyiko ukikorogwa. Kostiki ikizidi, alumini yote huganda na kuzama. Ikiwekwa kwa kipimo sahihi, atomi za alumini huungana 13 kwa pamoja zikiwa na oksijeni, na kuwa kiini kimoja chenye chaji chanya saba na upana unaokaribia nanomita 0.9. Muundo wa kiini hicho ulibainishwa na mwanakemia Georg Johansson wa Sweden mwaka 1960. Mchanganyiko wa alumini wa jamii hiyo hutumika pia katika dawa za kuzuia jasho la kwapa.

Hatua ya tatu ni kubadilishana. Maji yenye viini vya alumini humiminwa polepole katika maji yenye udongo, na kukorogwa kwa saa kadhaa. Kwa kuwa kila kiini kina chaji saba, udongo hukipenda kuliko sodiamu yenye chaji moja. Sodiamu hutoka, viini huingia na kujipanga kati ya kurasa. Baada ya hapo udongo huoshwa tena na tena hadi kloridi yote iishe, kisha hukaushwa.

Hatua ya mwisho ni kuoka katika tanuri, aghalabu kati ya nyuzi joto 300 na 500. Humo viini hupoteza maji na kugeuka kuwa oksaidi ya alumini iliyojishikiza kwenye kurasa za juu na chini. Tangu hapo having'oki tena kwa maji, na udongo hauvimbi wala haunywei. Kile kilichokuwa ioni ya kubadilishana kimekuwa nguzo ya kudumu.

Kazi hiyo huthibitishwa kwa miale ya eksirei, ambayo hupima umbali kutoka mwanzo wa ukurasa mmoja hadi mwanzo wa ukurasa unaofuata. Katika montimorilonaiti iliyochomwa bila nguzo, umbali huo ni nanomita moja hivi, maana yake kurasa zimegusana. Katika udongo wenye nguzo za alumini, umbali hubaki karibu nanomita 1.8 hata baada ya kuokwa. Ukiondoa unene wa ukurasa wenyewe, hubaki nafasi ya wazi ya karibu nanomita 0.8.

Nafasi hiyo yaonekana ndogo mno, lakini jumla yake ni kubwa. Gramu moja ya udongo wenye nguzo, kiasi cha ncha ya kijiko, huweza kuwa na eneo la ndani na nje la mita za mraba 200 hadi 400. Eneo la mita 300 za mraba linakaribia viwanja viwili vya mpira wa wavu. Montimorilonaiti ya kawaida iliyokauka mara nyingi haifikishi hata mita 100 inapopimwa kwa njia hiyo hiyo ya gesi ya naitrojeni.

Sifa nyingine ni utindikali. Viini vinapopoteza maji ndani ya tanuri huacha chembe za haidrojeni, na alumini ya nguzo nayo ina uwezo wa kuvuta elektroni za molekuli nyingine. Sehemu hizo zenye tindikali ndizo zinazoweza kupasua molekuli za mafuta au kuharakisha mabadiliko mengine ya kikemia.

Aidha, mtengenezaji anaweza kuchagua nguzo kulingana na kazi. Mwaka 1979, Shoji Yamanaka na Brindley walionyesha kuwa zirkoni nayo yafaa. Baadaye zikaja nguzo za titani, kromi, chuma, na mchanganyiko wa alumini na metali nyingine. Nguzo nene hutoa nafasi kubwa zaidi, na nguzo zenye chuma au shaba huleta uwezo wa kikemia ambao alumini pekee haina.

Pamoja na sifa zote hizo, udongo wenye nguzo haukuishinda zeolaiti katika viwanda vya mafuta. Sababu kuu ilikuwa joto na mvuke. Kichocheo cha kiwandani hufunikwa na masizi ya kaboni kila kinapofanya kazi, na masizi hayo huchomwa katika chumba chenye hewa na mvuke ambako joto huzidi nyuzi 700. Katika hali hiyo, kurasa zenyewe za montimorilonaiti huanza kubomoka, na nguzo hubaki bila cha kushikilia. Isitoshe, udongo huo ulizalisha masizi mengi kuliko zeolaiti. Zeolaiti ikaboreshwa na kuendelea kushika soko.

Hivyo, watafiti waligeukia kazi zisizohitaji joto kali kiasi hicho. Katika miaka ya 1990, Ralph Yang na wenzake nchini Marekani walitumia udongo wenye nguzo za titani na metali nyingine kupunguza gesi za oksaidi ya naitrojeni zinazotoka katika mitambo inayochoma makaa na mafuta, gesi ambazo huchangia mvua ya tindikali. Katika Chuo Kikuu cha Poitiers, Ufaransa, kundi la Joël Barrault lilitumia nguzo za alumini na chuma kuharibu fenoli, sumu iliyomo katika majitaka ya viwandani, kwa msaada wa haidrojeni peroksaidi na kwa joto lisilofikia kiwango cha maji kuchemka.

Katika kazi hiyo ya mwisho nguzo zilionyesha faida ya pekee. Chuma kikiwekwa chenyewe majini hufanya kazi hiyo pia, lakini huyeyuka na kuacha tope ambalo nalo lazima liondolewe. Kikiwa ndani ya nguzo, sehemu kubwa hubaki mahali pake, na udongo unaweza kuchujwa na kutumika tena.

Ni katika eneo hili la maji ndipo suala linapoihusu Afrika Mashariki. Maji ya maeneo mengi ya Bonde la Ufa, kuanzia Ethiopia, kupitia Nakuru na Naivasha nchini Kenya, hadi mikoa ya kaskazini mwa Tanzania, yana floraidi nyingi kutokana na miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Baadhi ya vyanzo vinavyouzunguka Mlima Meru mkoani Arusha vimepimwa na kukutwa na zaidi ya miligramu 10.

Kiasi kidogo cha floraidi huimarisha meno. Kikizidi katika miaka ya utoto, meno huota yakiwa na madoa ya kahawia ambayo hayaondoki kwa mswaki. Kikizidi sana na kwa miaka mingi, mifupa hukakamaa au kupinda, na madhara hayo hayana dawa ya kuyarudisha nyuma. Kinga pekee ni kupata maji salama mapema.

Oksaidi ya alumini inajulikana kwa uwezo wake wa kunasa floraidi. Juu ya uso wake kuna vikundi vya oksijeni na haidrojeni ambavyo hukubali kubadilishana nafasi na floraidi iliyomo majini. Katika udongo wenye nguzo, kurasa zenyewe zina chaji hasi na huisukuma floraidi mbali, kwa kuwa nayo ina chaji hasi. Kazi ya kunasa hufanywa na nguzo. Ndiyo maana udongo mbichi wa aina hii hunasa kidogo, na ukishawekewa nguzo za alumini au zirkoni uwezo wake huongezeka.

Hata hivyo, vipo vikwazo ambavyo matokeo mazuri ya maabara hayaviondoi. Cha kwanza ni asili ya maji yenyewe. Alumini hunasa floraidi vizuri zaidi katika maji yanayoelekea utindikali kidogo, ilhali maji mengi ya Bonde la Ufa yana magadi. Katika maji ya namna hiyo, uso wa nguzo hupoteza mvuto wake, na bikaboneti iliyojaa humo hushindania nafasi zile zile. Udongo uliofanya vizuri kwa maji yaliyotayarishwa maabara waweza kufanya vibaya kwa maji ya kisimani.

Kikwazo cha pili ni maji yanayotumika kutengeneza. Katika njia ya kawaida, udongo huwa asilimia moja au mbili tu ya mchanganyiko. Maana yake, kilo moja ya udongo huhitaji lita 50 hadi 100 za maji kabla hata ya kuanza kuoshwa. Kwa eneo ambalo shida yake ni maji safi, hesabu hiyo haiwezi kupuuzwa. Ndiyo sababu watafiti katika nchi mbalimbali wamekuwa wakijaribu kutumia tope zito zaidi, mawimbi ya sauti na oveni za mikrowevu ili kupunguza maji na muda.

Kikwazo cha tatu ni ushindani. Katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto mkoani Arusha, njia iliyoendelezwa ni ya kuchoma mifupa ya ng'ombe na kuitumia kama chujio. Malighafi yake inapatikana machinjioni, na tanuri lake laweza kujengwa kijijini. Chujio lolote jipya litapaswa kulinganishwa na mifupa hiyo kwa bei, kwa urahisi wa kulitumia, na kwa idadi ya lita linazosafisha kabla ya kuchoka.

Jambo la nne ni usalama. Kabla ya chujio la aina hii kuwekwa katika nyumba za watu, ni lazima ipimwe kama alumini haivuji na kuingia katika maji, hasa floraidi inapokuwa nyingi, kwa sababu floraidi huivuta alumini na kuungana nayo. Lazima pia ijulikane udongo uliochoka utatupwa wapi, kwa kuwa umebeba floraidi yote iliyonaswa.

Kwa upande wa malighafi, eneo hili halina uhaba. Majivu ya volkano, yanapobadilika ndani ya maji, ndiyo huzaa bentonaiti, na volkano hizo hizo ndizo chimbuko la floraidi. Lakini udongo mweusi wa mbuga, pamoja na kuwa na smektaiti nyingi, umechanganyika na mchanga, mizizi na mboji, na huhitaji kusafishwa kabla ya kufaa kwa kazi hiyo.

Kwa hiyo, wananchi hawapaswi kudhani kuwa kutia udongo wa mbuga au vipande vya matofali katika ndoo ya maji ni sawa na kutumia udongo wenye nguzo. Nguzo hazimo katika udongo wa asili, na moto wa jikoni hauziumbi. Vilevile, kuchemsha maji huua vijidudu lakini hakupunguzi floraidi. Maji yanapopungua kwa mvuke, floraidi hubaki sufuriani na kiwango chake katika kila lita huongezeka.

Njia salama kwa familia inayoishi katika maeneo hayo ni kujua kwanza kiwango cha floraidi kwa kupeleka sampuli ya maji ya kisima chake katika maabara ya maji, kisha kutafuta chanzo kingine chenye kiwango kidogo, yakiwamo maji ya mvua yaliyovunwa vizuri, au chujio lililothibitishwa. Watoto wadogo, ambao meno yao ya kudumu bado yanajijenga ndani ya fizi, ndio wa kufikiriwa kwanza pale maji salama yanapokuwa machache.